Leopard 1 si kifaru cha kutangulia mbele

Ndugu, umeuliza kwa nini Leopard 1 yako katika mchezo wa kompyuta wa World of Tanks huteketea mapema, ilhali ni kifaru cha daraja la 10, miongoni mwa madaraja ya juu kabisa. Nadhani unakiendesha kama kifaru kizito. Wajerumani, ambao jeshi lao lilianza kukipokea mwaka 1965, waliona kwamba makombora ya wakati ule yangetoboa hata deraya nene, wakachagua mwendo na mzinga wa milimita 105. Ndiyo maana bamba lake la mbele lina milimita 70 tu.

Kwa hiyo kaa mbali. Jifiche nyuma ya kichaka, lakini kabla ya kufyatua rudi nyuma polepole mpaka kichaka kiwe zaidi ya mita 15 mbele yako, kwani ukiwa karibu zaidi majani hufifia kwenye skrini na, ukifyatua tu, hayakufichi tena vya kutosha. Subiri duara la shabaha lijikaze, piga, kisha teremka nyuma ya mwinuko. Subira hiyo ilinigharimu mimi mapambano mengi kuizoea. Mwendo wako uuhifadhi kwa dakika za mwisho, adui wakishapungua na ubavu mmoja ukabaki wazi.