Maswali ya Wasomaji: Kaptura Kwanza, Gauni la Idi Baadaye

SWALI: Bi. Mshauri, assalam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wawili, mvulana wa miaka 3 na msichana wa miaka 5, na ninakaa Langoni, Lamu. Nguo nyingi ninazozimudu madukani ni za nailoni, na watoto hutokwa na vipele vya joto kaskazi inapoingia. Nimeamua kuwashonea mwenyewe, ingawa ujuzi wangu hauzidi kutia kifungo na kupiga pindo. Cherehani sina, ila ninazo leso kadhaa ambazo sijazivaa. Je, ninunue cherehani kwanza? Na nianze na nguo gani, kwa kuwa binti yangu ananidai gauni la marinda la Idi?
Mama wa Wawili, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Gauni la marinda mwachie fundi mwaka huu. Lina shingo ya kutia bitana, makwapa ya kuviringa, zipu mgongoni na marinda yanayotakiwa kugawanywa sawasawa, na kila kimojawapo ni somo peke yake. Anza na kaptura ya lastiki ya mvulana, ambayo haina kifungo wala zipu, na ambayo mshono wake ukipinda kidogo hakuna atakayeuona.

Cherehani nayo ingoje. Kofia za viua ambazo Lamu inasifika kwazo hudarizwa kwa sindano ya mkono, na kaptura ya mtoto mdogo ina mishono michache sana kuliko kofia. Tumia mshono wa kurudi nyuma, yaani kila mara sindano irudi pale ulipoishia mshono uliotangulia, kwani huo hushika imara hata mtoto akichuchumaa na kurukaruka. Ukija kununua, mimi ningechagua cherehani kuukuu ya chuma ya kuzungusha kwa mkono kuliko mpya ya plastiki: haihitaji umeme, na haichukui nafasi kama ile ya miguu. Ijaribu kwa kitambaa chako mwenyewe kabla ya kulipa, kisha uipake mafuta mara kwa mara, kwa sababu hewa ya pwani ina chumvi na huleta kutu upesi. Pini na sindano pia zihifadhi katika kopo lenye kifuniko.

Leso ni kitambaa kizuri cha kuanzia, kwa kuwa ni pamba na haitelezi mkononi. Hata hivyo, usiikate kabla ya kuiloweka, kuifua, kuianika na kuipiga pasi, kwa maana pamba mpya hurudi inapofuliwa, na kaptura iliyomtosha mtoto Ijumaa huweza kumbana Jumatatu.

Usipime kwa umri. Chukua kaptura ya lastiki anayoivaa sasa ikamtosha, uikunje katikati mguu juu ya mguu ili sehemu ya mbele iwe nje, uilaze juu ya gazeti na uchore ukingo wake huku ukiivuta lastiki hadi kiuno kinyooke. Kisha igeuze ili sehemu ya nyuma iwe nje, uichore ubavuni mwa mchoro wa kwanza, michoro yote miwili ikishirikiana mstari wa ubavu; kwa njia hiyo mguu mzima hupatikana katika kipande kimoja kisicho na mshono wa pembeni. Utaona kwamba nyuma hupanda juu zaidi kiunoni na mviringo wake ni mrefu kuliko wa mbele. Tofauti hiyo usiisawazishe, kwa sababu ndiyo inayompa mtoto nafasi ya kukaa. Ongeza sentimita 1.5 kwenye mishono, 4 kiunoni na 3 miguuni.

Unapokata, hakikisha kwamba gazeti limegeuzwa kwa mguu wa pili, la sivyo utapata miguu miwili ya upande mmoja. Laza ncha za miguu kwenye pindo la juu la leso ili pambo lizunguke chini ya kaptura. Nasema pindo la juu kwa sababu jina la leso huandikwa karibu na pindo la chini, na mafumbo mengine tunayorushiana sisi watu wazima hayafai kutembea barabarani kwenye makalio ya mtoto.

Shona kwanza mguu mmoja mmoja kwa ndani ya paja. Kisha ugeuze mguu mmoja tu, uutie ndani ya mwenzake ili pande za nje zitazamane, upige bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, na ushone mviringo wote kutoka kiuno cha mbele hadi cha nyuma. Mshono huo urudie mara mbili, kwani ndio unaochanika kwanza. Kiunoni kunja sentimita 1, kisha 3, ushone na kuacha mwanya wa kupitishia lastiki ya upana wa sentimita 2.5 kwa pini ya nepi. Ikiwa kiuno ni sentimita 52, kata lastiki ya 50, ambapo 2 ni za kupandanisha ncha. Miguuni kunja 1, kisha 2.

SWALI: Nilimshonea binti yangu fulana ya kitambaa kinachonyumbuka, lakini uzi ulikatika shingoni siku ya kwanza kuivaa. Kasoro iko wapi?
Msomaji, Malindi

JIBU: Kitambaa kilinyumbuka na mshono ulionyooka haukunyumbuka nacho. Shona kwa zigizagi nyembamba, na utumie sindano yenye ncha butu, ambayo husogeza nyuzi za kitambaa badala ya kuzikata. Pima pia kichwa chake, kwa kuwa shingo ya fulana ikivutwa lazima izidi mzunguko huo. Ukiona bado ni finyu, pasua kidogo mgongoni utie kifungo kimoja, wala usitie kamba ya kufunga, kwani hunasa mtoto anapocheza na huweza kumnyonga. Viwango vya usalama vya Ulaya vinaikataza shingoni kwa watoto walio chini ya miaka 7.