Kukompaili au Kuchukua Binari: Yaliyonikuta Nikitunza Vifurushi vya AUR

Mtu wa kwanza kuniandikia kuhusu kifurushi changu cha AUR (ghala la vifurushi vinavyotunzwa na watumiaji wa Arch Linux) alikuja na malalamiko. Laptopu yake ya Arch Linux ina RAM ya GB 4. Ameanza kukompaili (kugeuza msimbo chanzo kuwa programu inayoendeshwa) saa mbili usiku, kufika saa nne mashine imeganda, hata mshale wa kipanya hausogei. Programu yenyewe ni ndogo, ya lugha ya Rust, ila cargo, zana ya Rust ya kujengea programu, huvuta lundo la maktaba na kuzikompaili zote kwanza. Kwangu kazi hiyo ilikuwa ya dakika sita, ndiyo maana sikuwahi kuwaza.

Nikatengeneza cha pili, chenye -bin mwishoni mwa jina. Hiyo ni kanuni ya AUR: msimbo chanzo ukiwepo nawe unagawa binari, yaani programu iliyokwisha kukompailiwa, lazima jina liseme. Unaweka na provides (kinatoa nini) na conflicts (hakikai pamoja na kipi) ili viwili visigombane. PKGBUILD yake, faili la maelekezo ya kutengeneza kifurushi, ni mistari michache tu: pakua, linganisha sha256 (alama ya utambulisho wa faili), weka faili /usr/bin. Nikajiona nimepumzika.

Novemba 2022 Arch ikahamia toleo la 3 la OpenSSL, maktaba ya usimbaji inayotumiwa na programu nyingi. Asubuhi nakuta ujumbe juu ya ujumbe: programu haiwaki, inaitafuta libssl.so.1.1, faili la OpenSSL ya zamani. Kile cha msimbo chanzo nilikimaliza kabla chai haijapoa: pkgrel (namba ya utengenezaji wa kifurushi) kutoka 1 hadi 2, watu wakakompaili upya. Cha binari kilinifunga mikono, kwa sababu kiliunganishwa na maktaba ya zamani huko huko kilikotoka. Nikaongeza openssl-1.1 kwenye depends, orodha ya vinavyohitajika kuendesha programu, nikakaa kusubiri toleo jipya la mradi wenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, anza na msimbo chanzo. Ongeza -bin pale tu kukompaili kunapowatesa watu, na uichukue binari kwenye matoleo ya mradi wenyewe. Usikompaili kwako ukapandisha faili kwenye seva yako, hata kama nia yako safi, nani atakukagua? Sha256 inathibitisha tu kwamba faili ndiyo uliyoikusudia, haisemi kama ni salama. Julai 2025 AUR iliondoa vifurushi kama firefox-patch-bin vilivyokuwa vinapandikiza trojani. (Na wa msimbo chanzo tusijidai: xz 5.6.0 ya 2024, programu ya kubana faili, ilikuja na sumu ndani ya tarball (msimbo uliofungashwa wa kupakua), na sehemu ya sumu hiyo haikuwepo kwenye git, hifadhi ya msimbo.)

Kompaili pia ndani ya chroot safi, mazingira yaliyotengwa na mfumo wako, zana za devtools zipo kwa ajili hiyo. Mimi nilisahau zana ya cmake kwenye makedepends (orodha ya vinavyohitajika kukompaili) miezi kadhaa, kisa kwangu tayari ilikuwepo. Na usasishe .SRCINFO, muhtasari wa PKGBUILD, tafadhali, kila unapobadilisha toleo.

Yule wa GB 4 sasa anatumia -bin. Toleo jipya likitoka, yeye ndiye hunijulisha kabla sijaliona.