pH ya chini katika tangi la maji ya chumvi

Umeuliza kama utie magadi soda kwa kuwa pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ya tangi lako ni 7.7 asubuhi. Usiyaongeze kwanza. Ikiwa kiwango cha alkali, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, ni dKH 8 (dKH ni kizio chake) kama ulivyopima, pH ya 7.7 asubuhi kwa kawaida hutokana na hewa ya ukaa iliyojaa nyumbani, ambayo huyeyuka majini na kufanya asidi. Nasi hapa Goma hufunga madirisha usiku kwa sababu ya baridi, wengine mbabula (jiko la makaa) ikiwaka ndani, jambo ambalo ni hatari kwa watu kabla ya kuwa hatari kwa samaki. Chota kikombe cha maji ya tangi, ukipeleke nje, ukipulizie hewa kwa pampu ndogo muda wa saa moja, kisha upime tena: pH ikipanda waziwazi, dawa ni kufungua dirisha au kupitisha mpira wa hewa wa skima (kifaa kinachosafisha maji ya tangi kwa mapovu) hadi nje. Magadi soda yanafaa pale tu alkali inaposhuka chini ya dKH 7, na hutiwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Pima saa ileile kila siku, kwa kuwa pH hushuka zaidi kabla ya mapambazuko, mwani usipopata mwanga wa kuuwezesha kunyonya hewa ya ukaa.