Kwa mnaoanza kuongoza wageni: kiboko na nyangumi ni ndugu, sio baba na mtoto

Wadogo zangu mliotoka chuo juzi na mnaanza kupewa safari, leo nataka niwape kitu kimoja tu, habari ya kiboko na nyangumi. Najua mtasema Arusha na bahari wapi na wapi, ila hili swali lipo na litakufikia, mara nyingi pale Ngoitokitok, ndani ya kreta ya Ngorongoro, watu wanakula lanchi boksi na viboko wanapumua hapo kwenye maji, mgeni anauliza eti nimesikia huyu ana undugu na nyangumi, ni kweli? Wengi wetu wanajibu fasta, ndio, nyangumi katokana na kiboko, afu wanahamia kwenye uzito na meno. Hilo jibu sio sahihi, na mgeni anayejua kidogo akishakusikia unasema hivyo hata ukimwambia mambo ya kweli ya tembo anaanza kukuangalia kwa shaka.

Ukweli ni kwamba wana babu mmoja. Aliishi nchi kavu kama miaka milioni 55 iliyopita, na yeye hakuwa kiboko wala hakuwa nyangumi. Nyangumi wa zamani kabisa tunaowajua kutoka kwenye mawe wana kama miaka milioni 50, viboko wenyewe hawafiki nusu ya umri huo, sasa mtoto atamtanguliaje baba yake? Upande wa viboko pia una hadithi yake na iko jirani zetu hapa, kule Turkana Kenya walipata meno na mataya ya mnyama wa miaka milioni 28, wakamwita Epirigenys, walitangaza 2015, huyo ndio anawaunganisha viboko na kundi la wanyama wa zamani waliokwisha kabisa. Hiyo ukiisema tu, mgeni anajua yuko na mtu aliyesoma.

Sasa jinsi ya kusimulia. Ushauri wangu usikariri msururu wa majina magumu ukayamwaga kama mtoto anasoma ubao, mgeni hatabaki na kitu. Anza na mfupa. Nenda buchani, pale soko la Kilombero Arusha au popote unaponunua nyama, omba mguu wa nyuma wa mbuzi ukiwa na kile kiungo kinachokunjikia nyuma, watu wengi wanadhani ni goti lakini ni kifundo cha mguu. Uchemshe vizuri, nyama iachie, ndani utakuta kamfupa kadogo kanaingia kiganjani, kaangalie taratibu: juu kana mfereji kama wa kapi la kamba, na chini pia kana mfereji mwingine wa hivyo hivyo. Mifereji miwili, juu na chini. Mbwa hana hiyo ya chini, binadamu hana, pundamilia hana, kifaru hana. Wenye nayo ni ukoo wa wanyama wa kwato shufwa, yani mbuzi, ng'ombe, twiga, swala, nyumbu, nyati, ngiri, na kiboko. Kaoshe, kaanike, kaweke kwenye gari. Mimi ningependa kila anayeongoza wageni awe nako.

Kwanini nakazania huu mfupa, kwa sababu ndio ulimaliza ubishi. Kwa miaka mingi wataalamu wa mifupa walikuwa wanaamini nyangumi wametoka kwa wanyama fulani wala nyama wa zamani wenye kwato, wameshapotea wote, kwa sababu meno yao yanafanana na ya nyangumi wa kale. Wakati huo huo watu wa DNA wanasema hapana, sisi tunaona kiboko, mwaka 1999 Wajapani wakaonyesha vipande vya DNA vilivyojipachika sehemu ile ile kwa kiboko na kwa nyangumi, na ng'ombe hana vipande hivyo pale. Basi ikawa mvutano, huku mifupa huku DNA. Halafu 2001 ikatoka habari kutoka Pakistani, nyangumi wa kale wa miaka milioni 47 hivi, Rodhocetus na Artiocetus, wamepatikana na vifundo vya miguu, na hicho kimfupa kina mifereji miwili, juu na chini, vile vile kama cha mbuzi wako. Nyangumi mwenye kifundo cha mbuzi! Philip Gingerich aliyeongoza kazi hiyo mwenyewe alikuwa upande wa wale wala nyama, na mfupa ukamfanya abadilishe msimamo. Mimi hii sehemu naipenda kuliko zote na nikimpa mgeni kale kamfupa akashike huku namweleza, naona kabisa uso wake unabadilika.

Kitakachofuata mgeni atauliza, sasa kama alikuwa na miguu walijuaje ni nyangumi? Swali zuri na jibu liko sikioni. Gingerich na Donald Russell walimtangaza Pakicetus 1981 wakiwa na fuvu tu, mnyama wa kama miaka milioni 50 ukubwa wa mbwa mwitu, aliishi kwenye vijito vya maji baridi, na kwenye mfupa unaofunika sikio kulikuwa na ukingo mnene mzito ambao wanao nyangumi. Mwili wenyewe ulikuja kujulikana vizuri 2001, kumbe alikuwa na miguu minne ya kutembea kabisa. Baadaye 2007 Hans Thewissen na wenzake wakaonyesha ukingo ule ule upo kwa Indohyus, kanyama kadogo ukubwa wa paka kutoka Kashmir, kana kwato, mifupa yake mizito ya kukasaidia kukaa chini ya maji. Huyu naye usimuite babu wa nyangumi, fosili zake ni za karibu wakati mmoja na Pakicetus, ni binamu tu aliyebaki na sura ya ukoo. Hapa ndio watu wanapotelea, kila fosili wanaifanya babu wa inayofuata.

Katikati hapo wapo wengine, Ambulocetus wa miaka milioni 48 hivi mwenye nyayo kubwa za kusukumia maji, pitia haraka. Ila usiruke Misri. Wadi Al-Hitan, kwenye jangwa la Fayum, kuna mamia ya mifupa ya nyangumi imelala kwenye mchanga, UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2005, na kati yao yupo Basilosaurus, jitu la mita 15 na zaidi, aliishi kama miaka milioni 37 iliyopita, huyu ni wa baharini moja kwa moja, lakini 1990 ilitangazwa kwamba ana miguu ya nyuma, midogo mno kwa mwili ule, yenye goti na vidole. Haikuweza kumbeba nchi kavu hata kidogo. Nyangumi wa leo wengi bado wana vijifupa vya nyonga ndani ya nyama, na mtoto wa pomboo, ambaye naye ni wa ukoo wa nyangumi, akiwa tumboni anaanza kuota vichipukizi vya miguu ya nyuma halafu vinapotea.

Tena kuna moja ya kuonyesha ukiwa Ndutu. Duma akikimbia mwangalie mgongo, unajikunja na kunyooka juu chini juu chini, ndivyo mamalia wanavyokimbia. Samaki na mamba wao wanapinda kushoto kulia. Nyangumi mkia wake unapiga juu chini, alirudi majini na mgongo wake wa mamalia na akaogelea nao hivyo hivyo. Mgeni aliyeona duma asubuhi hatahitaji maelezo mengi.

Halafu kuna la kuepuka, nalisikia sana: eti wote hawana manyoya, wote wananyonyesha majini, kwa hiyo ni ndugu. Undugu ni kweli lakini sio kwa sababu hiyo. Utafiti wa 2021 uliolinganisha ngozi na jeni zao ulionyesha kila mmoja alizoea maji kwa njia yake mwenyewe, baada ya kuwa wameshaachana. Kwa hiyo shikilia kifundo na DNA, ngozi iache.

Na mgeni akikuambia yeye imani yake haikubali mambo ya mageuko, usibishane naye, ni mgeni wako na mna siku nyingi pamoja. Mwonyeshe mfupa, mwambie kilichopatikana wapi na mwaka gani, mwache. Wapo pia wenzetu kazini wenye msimamo huo na tunaheshimiana.

Mkiwa mnashuka bonde la ufa pale Mto wa Mbu kuna hadithi nyingine inakaa vizuri sana. Mwaka 1964 huko Loperot, Turkana, lilipatikana fuvu la nyangumi wa miaka milioni 17. Turkana, jangwani, zaidi ya kilomita 700 kutoka Bahari ya Hindi, na leo pale ni mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari! Huyu alikuwa nyangumi kamili, inaonekana aliingia kwenye mto mkubwa akapanda nao, na utafiti wa 2015 ukamtumia kuonyesha kwamba nchi ilikuwa chini wakati huo, kuinuka kwa Afrika Mashariki kulikuja baadaye. Yani nyangumi anakusaidia kueleza ule ukuta wa bonde ulio mbele ya gari.

Wageni wengi wakimaliza kwetu wanaruka Zanzibar. Waambie wakienda Kizimkazi kuangalia pomboo waangalie mkia kwanza, na kama ni kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi hivi wawaulize manahodha habari za nyangumi wa nundu, maana ndio miezi wanapita pwani yetu wakitoka kusini kuja kuzaa.