Waksi ya gari jeusi linaloshinda juani

Ndugu, kwa kuwa gari lako ni jeusi na linashinda juani Dar es Salaam, ningekushauri uchague waksi ya sintetiki, ambayo hudumu miezi kadhaa, badala ya ile ya karnauba, itokanayo na majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota Brazili, ambayo hung'aa kwa uzuri wa pekee lakini mara nyingi huisha baada ya wiki chache. Usidhani waksi ni sawa na polishi yenye chembe za kusugulia, kwani hiyo hukwangua rangi badala ya kuilinda.

Osha gari kwa shampuu ya magari, ulikaushe, kisha usubiri kivulini hadi boneti iwe baridi ukiigusa kwa kiganja. Paka tabaka jembamba sana, sehemu moja baada ya nyingine, ukiepuka plastiki nyeusi za bampa, kwa sababu huko waksi huacha weupe usiotoka kirahisi. Pitisha kidole: ikifutika bila kuvutika, imekauka, nawe uifute kwa kitambaa laini cha maikrofaiba. Mimi niliwahi kuipaka nene, nikasugua mlango mmoja hadi mkono ukafa ganzi. Utakapoona maji yanatandaa bodini bila kufanya matone, paka tena.