Maji kwanza, rozela baadaye

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza kama juisi ya rozela na bitiruti anayokutengenezea mwalimu mwenzako, pamoja na vidonge vya madini ya chuma alivyokununulia, vitakupandishia damu huko Njombe.

Juisi kunywa, usiijaze sukari tu. Vidonge viweke kando mpaka daktari akupime. Damu yako inapungua kwa sababu ya selimundu, si kwa sababu huli vizuri. Chembe nyekundu za wenzio hudumu kama siku 120. Zako zikishajikunja mundu huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20, na chuma kilichokuwemo hubaki mwilini. Tena umeshaongezewa damu mara nne, na kila chupa iliingia na chuma chake. Kinachokuishia upesi ni folik asidi, ile vitamini ya kutengeneza damu, maana mwili unafyatua chembe mpya usiku na mchana. Kidonge chake usikiache, na haidroksiyurea, dawa yako ya selimundu, usiikatishe hata ukijiona mzima. Kunde, maharage na mchicha kula. Mchicha usiuchemshe hadi ulainike kama uji halafu ukamwaga maji, kama afanyavyo bibi yako (usimwambie nimesema).

Lakini mimi naogopa zaidi maji. Baridi ya huko haikuonyeshi kiu, na figo zako haziwezi kuyabana, yanapita tu. Unakumbuka ulivyokuwa ukikojoa kitandani mpaka darasa la tano? Nilikuwa nakunyima maji tangu saa kumi na mbili jioni, na usiku wa manane unalia miguu. Miaka miwili sikuona kwamba kukunyima maji ndiko kulikokuletea maumivu, hadi muuguzi mmoja aliponiuliza unakunywa kiasi gani kwa siku. Nisamehe, mama. Sijawahi kukueleza.

Basi jaza maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, nenda nayo darasani. Zipatikane lita 3 kwa siku, kidogo kidogo. Soksi uzivae kabla hujashuka kitandani, na maji baridi usioge. Maumivu yakianza, meza parasetamo, jikande kwa kitambaa cha moto, upumzike. Ukipata homa au kifua kikabana, usinipigie mimi kwanza; mwombe huyo mwalimu akufikishe hospitali, mimi utanipigia ukiwa huko.

Sweta la bibi na kunde kilo 2 nimevipakia kwenye basi la kesho asubuhi.

Mama yako