Wadau wa nini, jamani?

SWALI: Salaam mdau wa Kiswahili. Rafiki yangu aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, kuhusu MotoGP, zile mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, zilipofika uwanja wa Mugello, Italia: "Wadau wa MotoGP walifurika Mugello kuwaona wadau wakubwa, Ducati na Yamaha, wakichuana." Nikamwambia "wadau" wa kwanza ni kosa. Yeye anasema kama kosa lipo basi ni la pili, kwa sababu Ducati ni mdhamini. Tumebishana mpaka tukawekeana soda. Nani analipa? Msomaji, Tabata.

JIBU: Rafiki yako analipa. Hilo limekwisha. Sasa nipisheni niseme langu, maana neno hili limenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Siku hizi Dar es Salaam haina tena mtu wa kawaida. Abiria wa daladala ni mdau wa usafiri, mgonjwa aliye kwenye foleni ni mdau wa afya, na kibaka akikamatwa Manzese nadhani naye ataitwa mdau wa usalama. Juzi nilikuwa msibani Mbagala. Akasimama msemaji wa familia, koti limemkaa vizuri, akawashukuru "wadau wote wa msiba huu". Niliinama nikatazama viatu vyangu. Mdau mkuu wa msiba ule alikuwa jenezani, na hakupewa nafasi ya kutoa neno.

Asili yake haina maajabu. Msilitafute kwenye dau la baharini, lile la wavuvi. Hili ni dau la mchezoni: fedha au mali anayoiweka mtu akijua kwamba yaweza kwenda na maji. Ndiyo maana mnadani dau hupanda, na kijana aliyekwenda kuposa mikono mitupu huambiwa dau lake halijafika. Mdau, basi, ni mwenye dau. Neno zuri, fupi, na aliyelibuni sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na walioligeuza kanzu ya msikiti inayoazimwa na kila mpita njia.

Tuje kwenye pikipiki zenu. Kiwanda kinachoingia MotoGP, kiwe Ducati, KTM, Aprilia, Yamaha au Honda, huunda chombo ambacho hakiuzwi dukani, huajiri wahandisi, hulipa madereva, halafu husafirisha vyote hivyo dunia nzima, Jumapili moja hadi nyingine. Kikishindwa, hasara ni yake. Hilo ndilo dau. Na dau lina tabia moja ambayo ndugu zetu wa "wadau" wameisahau: aliyeliweka anaweza kuliondoa.

Mfano wangu ni Suzuki, na wanaonifahamu wameshauchoka. Mwaka 2020 dereva wao, Joan Mir, alitwaa ubingwa wa dunia. Mei 2022 kampuni ikatangaza kwamba mwisho wa msimu inaondoka, ingawa ilikuwa na mkataba wa kubaki hadi 2026. Haikufukuzwa wala haikuwa mbovu: mbio za mwisho za msimu ule, kule Valencia, aliyeshinda ni Álex Rins akiwa juu ya Suzuki hiyo hiyo. Umeona wapi mtu akishinda mchezo, akachukua dau lake, akaaga, na mlango akaurudishia? Na haikuwa mara ya kwanza. Waliwahi kuondoka baada ya 2011 wakarudi 2015. Kawasaki nao walikwenda zao mwanzoni mwa 2009. Ni uamuzi wa mezani, kwa mahesabu, na wana haki nao. Ndio wadau hao.

Sasa mtazame shabiki wa Suzuki, yule mwenye fulana ya buluu. Yeye aliondoa nini? Angeondoa wapi? Kiwanda kilipofunga hesabu, yeye alibaki na fulana. Shabiki hana mkataba wa kuvunja, na ndiyo maana lugha ikampa jina lake mwenyewe, na akizidi ikamwita mnazi. Mashabiki wa dereva Valentino Rossi walivaa njano na namba yake, 46, alipokuwa Yamaha. Akahamia Ducati mwaka 2011, akamaliza misimu miwili bila kushinda hata mbio moja, akarudi Yamaha 2013. Njano haikugeuka. Mumwite mtu wa namna hii "mdau", kama vile ana hisa? Mnamshusha cheo.

Kuhusu mdhamini, rafiki yako amechanganya madawa. Mdhamini hutoka kwenye dhamana, na ni yule yule anayekusimamia pale mahakama ya Kisutu ili ulale nyumbani. Michezoni ni anayetoa fedha jina lake lionekane. Repsol, kampuni ya mafuta ya Hispania, ilikuwa mdhamini wa timu ya Honda tangu 1995 hadi 2024, na haikuunda hata tairi. Ducati katika timu yake ni mwenye nyumba, na mtu hajidhamini mwenyewe. Semeni "timu ya kiwanda", mtaeleweka. Kwani si kila Ducati ni ya timu ya kiwanda: mwaka 2024 Jorge Martín alichukua ubingwa kwa Ducati ya timu ya Pramac, mbele ya Bagnaia aliyekuwa kwenye timu ya kiwanda yenyewe.

Nilidhani haya yanaeleweka, mpaka nikamkuta kijana wa bodaboda kijiweni Mwenge, Boxer yake imebandikwa 46 ya njano. Baada ya shikamoo akaniambia, "Mzee, mimi mdau wa MotoGP." Nikamuuliza dau lake liko wapi. Akapigapiga tangi la Boxer. Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwamba Bajaj, wanaounda Boxer, wana hisa katika KTM tangu 2007, na KTM wako MotoGP. Kwa hiyo Bajaj ni mdau kweli kweli. Kijana aliyenunua Boxer ni mteja wa mdau. Nilimweleza hivyo, akaniuliza kama napanda au sipandi.

Nilipanda.

Sentensi ya rafiki yako isomeke hivi: "Mashabiki wa MotoGP walifurika Mugello kuona viwanda vikubwa, Ducati na Yamaha, vikichuana." Akiwa hawezi kuishi bila "wadau", aliweke pa pili, nitavumilia. Na wewe usinisalimu tena "mdau wa Kiswahili". Lugha hii sikuiwekea dau, nimezaliwa nayo tu. Wadau katika barua yako ni ninyi wawili mliowekeana soda. Mwambie alipe, na iwe ya baridi.